Mama Mfuko Haondoki Mezani

Mtu alikuja kuipima meza ya dada yangu huku dada yangu mwenyewe yupo mezani, anafanya kazi. Nasema kweli. Ilikuwa asubuhi, ndiyo kwanza nimetia uzi kwenye cherehani, naona jamaa anayeuza makava ya simu pale kona anaingia, salamu nusu, anakunjua futi ya kupimia, anaanza na ukuta, anakuja na ubao wa meza, midomo inahesabu. Akafika kwenye kiwiko cha dada na kiwiko hakikusogea.

Dada hakuinua kichwa. "Ukimaliza meza nipime na mimi," akamwambia. "Maana mimi na hii meza tunabebwa pamoja."

Jamaa akacheka kile kicheko cha mtu asiyejua mikono yake aiweke wapi. Akasema yeye ametumwa tu na kaka yetu mkubwa, wameshaongea, na jioni kaka atapita mwenyewe kumkabidhi ufunguo. Akakunja futi vibaya, ikamfunguka, akatoka kinyumenyume huku anaiburuza.

Nikataka nimfuate barabarani, lakini nilikuwa nimeshika suruali ya watu yenye pini kiunoni. Nikamgeukia dada. "Umesikia? Kaka ameitoa meza yako."

"Hajaitoa," dada akasema. "Jioni haijafika." Akaendelea na kazi yake.

Niwaeleze chumba chenyewe. Ni kimoja, chembamba, mlango unatazama barabara. Upande wa kushoto ni mimi, cherehani na rundo la nguo za watu. Upande wa kulia, chini ya dirisha, ni meza ya saa: droo zake ndogo ndogo, makopo ya pini, vibano vimepangwa kwa ukubwa, na ukutani saa kadhaa ambazo hazikubaliani. Chumba alituachia baba yetu, ambaye alikuwa fundi saa. Pango likaandikwa jina la kaka, kwa sababu kaka ndiye mkubwa na ndiye mwanamume, na siku zile hakuna aliyeona haja ya kuuliza. Cherehani yangu haikumsumbua mtu. Iliyoandamwa ni meza ya dada, kwa sababu dada ana jicho moja, na familia nzima imeshakata shauri kwamba mwenye jicho moja kazi yake ni kukaa nyumbani na kuhurumiwa.

Sasa habari ya jicho niiseme mimi, maana mtaani kila mtu anaisema anavyotaka.

Baba alikuwa fundi kweli, sitamnyima haki yake. Saa iliyokatiwa tamaa na nyumba nzima ilikuwa inaamka mkononi mwake. Lakini alikuwa na maringo. Mkanda wa saa, huu wa kawaida wa ngozi, kila upande umeshikwa na kipini chembamba kilichopita katikati ya pembe mbili zilizochomoza kwenye saa. Kipini hicho ndani kina springi. Ukikibonyeza, ncha inajificha na mkanda unatoka. Ukikosea kidogo, kinaruka. Hukioni kikienda, unasikia tu kimegonga ukuta, basi, unapiga magoti kukitafuta. Mafundi wengine wanailaza saa mezani. Baba aliona hiyo ni kazi ya waoga. Yeye aliishika saa mkononi, akaiinua mpaka karibu na pua, akabonyeza pini ikimtazama usoni, ili aione ikitoka. Wateja walikuwa wanapenda sana. Wengine walileta mikanda mizima ibadilishwe, wapate kutazama tu.

Na miwani ya kukinga macho je? Alikuwa anasema hiyo ni ya wachomelea vyuma. "Mteja akikuona umejifunika madude usoni," alikuwa anatuambia, "atajua unaiogopa saa yake." Ndiyo ilikuwa sheria ya meza ile, na hakuna aliyethubutu kuihoji.

Dada yangu aliingia kwenye ufundi kwa kutambaa. Utotoni kazi yake ilikuwa kukaa chini ya meza na sumaku iliyofungwa kwenye kijiti, anaokota pini zilizomruka baba. Kwenye stuli alikalishwa kaka, maana yeye ndiye aliyetakiwa kurithi. Kaka mkono anao, ila moyo hakuwa nao. Alikuwa anakaa pale anatazama barabara. Alipokua akaenda zake kufungua duka la vifaa vya ujenzi, misumari, rangi na mabati, na mambo yakamnyookea. Siku aliyoondoka, dada alitoka chini ya meza, akajipangusa magoti, akapanda kwenye stuli bila kuitwa na mtu. Baba mwanzo alimcheka. Baadaye macho yake yakaanza kufifia na kicheko kikaisha, na mpaka anafariki, saa zilizosifiwa kuwa zake zilikuwa za mkono wa dada.

Siku ya jicho haikuwa na kazi ngumu. Dada alikuwa ametoka kufunga saa ndogo ya kike, ile yenye vigurudumu vya kutazamwa kwa lenzi, na kila kitu kimekaa mahali pake. Akaingia mteja mwenye haraka, anataka mkanda tu. Mkanda, jamani, kazi ya kumpa anayejifunza. Dada akatoa lenzi jichoni, akaiinua saa mpaka karibu na pua kama alivyofundishwa, akabonyeza. Mimi nilikuwa hapa hapa. Nilisikia kisauti kidogo, halafu nikamsikia dada anasema "Aa," polepole, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani. Nikasubiri pini igonge ukuta na haikugonga.

Hospitali walijitahidi. Jicho la kulia halikurudi.

Mwenye macho mawili anadhani jicho moja ni nusu ya shida. Hajui kitu. Dada alikuwa anamimina chai pembeni ya kikombe. Ananyoosha mkono achukue kibano, anashika hewa. Ngazi hii ya mlangoni ilimwangusha, akainuka akaitukana ngazi na aliyeijenga. Kaka akasema inatosha, akae kwake apumzike, kila kitu atapata. Na angepata, kaka si mchoyo. Lakini dada yangu ukimpumzisha unamuua. Alikaa kule akawa anagombana na mapazia, mara marefu, mara yanaziba hewa, mpaka wifi akanipigia simu kunisihi nimchukue.

Akarudi hapa bila kuaga mtu. Alianza na saa mbovu, za kwenye kopo, anavua mkanda na kuvisha, anavua na kuvisha. Siku ya kwanza pini ilipomruka, iligonga kopo tu, mbali naye kabisa, lakini alikimbilia nje akatapika. Nilimshika mgongo nikamwambia, dada, acha, mbona riziki zipo nyingi. Akajifuta mdomo kwa kiganja. "Ningegongwa na treni, ningekubali," akasema. "Lakini niachishwe kazi na kidude kidogo kuliko punje ya mchele? Sikubali." Akarudi ndani, akakaa.

Kisha akauvunja mtindo wa baba kipande kwa kipande. Saa aliilaza kifudifudi juu ya kimto nilichomshonea mimi. Zile pembe akazibandika utepe zisichubuke. Uma wake, kile kichuma chembamba chenye ncha iliyogawanyika, akawa anauingiza taratibu kati ya mkanda na pembe, anaisukuma pini pembeni kuelekea ukutani, na kidole cha mkono wa pili kimeifunika. Hayo yote anayafanya ndani ya mfuko wa nailoni unaoonyesha, ametoboa matundu mawili ya kupitishia mikono. Pini ikitaka kuruka, iruke humo humo. Na usoni kavaa miwani kubwa ya plastiki, ile ya karakana, yenye mpira wa kufunga kisogoni. Jicho moja halimwambii vizuri kitu kiko umbali gani, kwa hiyo anatumia kucha. Kucha inalitafuta tundu, uma unaifuata kucha. Halafu anasikiliza. Pini iliyokaa vizuri inasema tik. Iliyokaa nusu inanyamaza, na hiyo ndiyo itakayoidondosha saa ya mtu barabarani.

Mtaa haukukawia. Wakamwita Mama Mfuko. "Mama Mfuko, leo unapika nini humo?" mmoja anapita anauliza. "Ulimi wako," dada anajibu, "lakini naona hauivi." Wateja wengine walihama. Wengine walihama wakarudi, kwa sababu mkanda aliouvisha yeye hauchomoki. Kaka yeye alipita siku moja, akasimama mlangoni, akamtazama mdogo wake na mikono yake ndani ya mfuko, akageuka akaenda zake. Kuanzia hapo ndipo maneno ya kumwondoa yalipoanza.

Basi, jioni ikafika, jua bado lipo dirishani, na kaka akaingia. Shati limenyooshwa, suruali ina mstari, viatu vinang'aa. Mkono wa kushoto mfukoni. Hilo nililiona haraka, maana kaka ni mtu wa kuongea kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, kaka," tukamwamkia.

"Marahaba. Yule jamaa alifika?"

"Alifika kupima," dada akasema. "Vipimo amepata. Meza ndiyo hatapata."

Kaka akavuta kiti cha wateja, akakaa karibu naye. "Mdogo wangu, mimi sikufukuzi. Nisikilize. Jicho limebaki moja. Nisubiri nalo litoke hapa hapa mezani? Kesho na keshokutwa nikiulizwa nilikuwa wapi, nijibu nini? Nikisimama kwenye kaburi la baba, nimwambie nini?"

"Mwambie namsalimia."

"Naongea mambo ya maana, unaniletea mzaha." Alisema hivyo huku analitazama lile jicho zima la dada, na hapo nikajua kwamba anaogopa kweli. Ikaniudhi zaidi. Mtu anayekuonea kwa chuki unajua umpige wapi. Huyu alikuwa anaonea kwa mapenzi, sasa unamfanyaje?

"Mtaa mzima unakucheka," akaendelea. "Mtu mzima, mikono kwenye mfuko wa nailoni."

"Wanacheka huku wamenyoosha mikono niwavishe saa."

"Baba alikaa hapo maisha yake yote. Hakuvaa mfuko, hakuvaa miwani, na pini haikumgusa. Kwa hiyo tusiisingizie kazi. Tatizo ni..."

"Malizia," dada akamwambia.

"Tatizo ni kwamba kazi hii haikuwa yako. Ulipanda kwenye kiti ambacho hukukalishwa."

Cherehani yangu ilikuwa imeshanyamaza zamani. Nilikuwa na mkasi mkononi, nikauweka chini, kwa usalama wa kaka. Mdomo wangu ulikuwa tayari umefunguka, lakini dada akaninyooshea kidole ninyamaze. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anautazama ule mfuko wa suruali.

"Kidole kimefanya nini?" akamuuliza.

"Kidole gani?"

"Unachokificha tangu umeingia."

Kaka akatoa mkono polepole. Kidole gumba kilifungwa kitambaa, na damu imekauka kwa juu. "Kisu cha jikoni," akasema.

"Ulikuwa unamenya nini, kaka?" mimi nikashindwa kujizuia. "Wewe jikoni kwako huendi hata kwa maji ya kunywa."

Kaka akaingiza mkono wa kulia kwenye mfuko wa shati, akatoa leso, akaifungua juu ya meza. Ndani yake ilikuwa saa ya baba, na mkanda mpya wa ngozi bado kwenye karatasi yake. Saa hiyo baba alimwachia kaka, na kaka huivaa siku zenye jambo la heshima tu. Leo alitaka akabidhi ufunguo ameivaa. Mkanda wa zamani ukamkatikia wakati anaufunga. Kuileta kwa dada aliona haya, utamleteaje fundi kazi siku unayokwenda kumnyang'anya meza? Basi akaenda jikoni kwake akachukua kisu. Nusu moja ya mkanda aliing'oa. Nusu nyingine bado ilikuwa inaning'inia, na kwenye pembe ya saa, kando ya pini, palikuwa na mchubuko mrefu mweupe.

Dada aliipokea kwa mikono miwili. Sikumwona akifurahi. Alipitisha kucha kwenye mchubuko, mwanzo mpaka mwisho. "Uliishikaje ulipokuwa unabonyeza?"

Kaka akaanza kuikunja leso.

"Nionyeshe."

Kaka akainua mkono mtupu, akausogeza mpaka karibu na pua. Ulikuwa mkono wa baba kabisa, hata namna ya kukunja kidole cha mwisho. Tukautazama wote watatu.

"Na kisu kikateleza kikaja kwenye kidole," dada akasema. "Kingeteleza kikaja huku je?" Akagusa shavu lake, chini ya jicho lisiloona.

"Baba alifanya hivi miaka yote na..."

"Baba alikuwa na bahati, kaka. Akaiita bahati yake ufundi, akatufundisha. Jicho langu halikuliwa na kazi. Limeondoka na maringo ya baba. Na sisi hapa tumeyatunza hayo maringo, wewe, mimi na huyu, tunayafuta vumbi kila siku."

Kwetu baba hasemwi hivyo. Hata mimi mwenye mdomo wangu nilitazama mlango, nisijue nategemea nani aingie. Kaka akasimama. "Baba umwache alale."

"Simwachi. Ninyi mlikuwa mnamheshimu, mimi nilikuwa miguuni pake naokota pini zake. Nilimpenda kuliko ninyi wote na nitamsema." Akainuka kwenye stuli, akaisukuma kwa kaka. "Wewe ndiye uliyekalishwa. Haya, kaa. Hii nusu iliyobaki, itoe kwa njia ya baba. Mkononi, puani, bila mfuko. Ikitoka salama, mpe meza unayemtaka. Nitabeba vibano vyangu niende kwako nikae na mapazia, na hutanisikia tena."

"Dada, acha," nikasema, na nilimaanisha. Maana baba aliweza. Siku zote aliweza. Na kaka, nimeshasema, mkono anao.

"Sharti ni moja tu. Utavaa hii." Akavua ile miwani usoni kwake, akamvalisha kaka kwa mikono yake mwenyewe, akaukaza mpira kisogoni. Kaka akarudisha kichwa nyuma kama mtoto anayepanguswa makamasi. "Tulia," dada akamwambia. "Imetoka dukani kwako, inaning'inia kando ya misumari. Nilimtuma huyu akanunue. Unauza kitu hujawahi kukijaribu?"

Kaka akakaa. Akaushika uma, akaugeuza, na nikaona vidole vinaukumbuka. Dada akasimama nyuma ya mgongo wake, akaniashiria na mimi nirudi nyuma. Saa ikapanda mpaka usawa wa pua. Akabonyeza. Uma ukashika vizuri, ncha ikazama, mkanda ukasogea kidogo tu, na pembe ya mdomo wa kaka ikaanza kutabasamu. Nikasema moyoni, basi, meza imekwenda. Nikaanza kufikiria nitaketije na mtu wa makava ya simu.

Ndipo nikasikia. Haikuwa ile tik ya pini inayokaa. Ilikuwa kavu zaidi, kama kucha ikigonga glasi. Kaka akatupa kichwa nyuma, stuli ikayumba, dada akamdaka mabega. Pini ikadunda ikapotelea chini.

Kwenye plastiki ya miwani, mbele kabisa ya jicho la kulia, palikuwa na nukta nyeupe.

Kaka alikuwa anaitazama kwa ndani. Akainua kidole aiguse kwa nje, akakosa, akainua tena akaipata. Akabaki ameiwekea kidole.

"La kulia," akasema.

"La kulia," dada akajibu.

Kaka akalia. Sitazunguka. Alilia na miwani usoni mpaka ikashika ukungu, na hakuna kati yetu aliyemwambia anyamaze. Alipopata sauti akasema, "Watu wakiniuliza, nilikuwa nawaambia mkono wako ndio uliokosea."

"Nilikuwa nasikia."

"Hukuwahi kuniambia kitu."

"Nilikuwa nafanya kazi."

Akashika ukingo wa meza. "Sasa ndiyo naogopa zaidi. Mungu wangu, kitu chenyewe hukioni. Twende nyumbani. Nakuomba."

"Ogopa," dada akamwambia. "Mimi naogopa kila siku, kila pini. Unafikiri mfuko ni wa nini? Baba ndiye ambaye hakuogopa. Mtu anayeogopa vizuri anafika jioni na jicho lake. Toka kwenye stuli yangu."

Kaka akatoka. Dada akafungua droo, akachukua miwani nyingine ya akiba, akavaa. Akaifuta saa ya baba, akazibandika pembe utepe, akailaza juu ya kimto, akaiingiza kwenye mfuko, na mikono ikafuata. Akachukua pini mpya, akaipitisha kwenye mkanda mpya. Ncha moja tunduni. Kucha ikatangulia, uma ukaifuata, kidole kikafunika. Tik. Akageuza upande wa pili, na kaka alikuwa ameinama karibu kabisa. Tik.

Akamtolea saa. "Vuta."

Kaka akavuta kwa adabu.

"Vuta kama una hasira na mimi."

"Sina."

"Basi kumbuka uliyoingia nayo."

Akavuta kwa mikono yote, na kidole chake kibovu, mpaka shati lililonyooshwa likakunjamana mabegani. Mkanda haukutoka. Akaivaa, akaufunga, akaitazama mkononi kwa muda mrefu. Ule mchubuko bado upo. Dada alikataa kuusugua. Alisema uache, uwe unausoma.

Nikasikia magurudumu nje. Mkokoteni, umepakiwa makatoni, na yule jamaa wa makava ya simu nyuma yake, futi inaning'inia shingoni. "Shikamoo, mzee," akasema akiwa mlangoni. "Nianze kutoa vitu?"

Kaka akageuka. Miwani alikuwa hajaivua, ina ukungu na ile nukta yake mbele, na jamaa akarudi nyuma akakanyaga gurudumu.

"Vitu gani?" kaka akamuuliza.

"Si tulikubaliana, mzee. Meza."

"Meza ina mwenyewe. Nilikudanganya bila kujua, nisamehe. Nenda."

Jamaa akatutazama, wawili na miwani na mmoja na mkasi, maana mkasi nilikuwa nimeshauchukua tena. Hakubisha. Magurudumu yakarudi yalikotoka.

Kaka akatoa ufunguo wa chumba, akatafuta pa kuuweka. Mwisho akaupenyeza kwenye tundu la mfuko wa nailoni, ukadondoka juu ya kimto. "Pango nitakwenda kubadilisha jina," akasema. "Lako na la huyu."

Mimi nilidhani dada atasema asante, au angalau machozi yatamlenga. Wapi. Alikuwa ameshaanza kukusanya utepe.

"Ile pini imelala hapo chini," akamwambia kaka. "Mtu akija kuikanyaga je? Sumaku iko kwenye msumari, nyuma ya mguu wa meza, pale pale ilipokuwa siku zote."

Kaka akamtazama. Akaitazama suruali yake yenye mstari. Akapiga magoti, akachukua kile kijiti, akainama, akaingia chini ya meza.